Alama Kwenye Mkono wa Shati

Mume wangu, Sajini Kanyinda, alipiga pasi sare yake mwenyewe. Mimi mkewe sikuruhusiwa kuigusa. Asubuhi ile alikuwa uani kwetu, mtaa wa Kamalondo, ameitia wanga wa muhogo hadi suruali ikataka kusimama yenyewe, nami nikichambua sombe, majani ya muhogo ya kutwanga. Jirani yetu Amisi, fundi cherehani aliyemshonea mistari ya cheo mkononi, alipita akacheka.

“Mama Ngalula, umupe na sombe atwange!”

Nilicheka hadi machozi.

Vita vilikuwa mji wa Kolwezi. Walioingia kutoka ng'ambo ya mpaka walikuwa watoto wa Katanga, jimbo letu, waliokimbia zamani, na Kiswahili chao kilikuwa kama chetu. Jeshini lugha ilikuwa Kilingala. Basi askari walioletwa kutoka mbali wakaanza kumshuku kila mwanamume asiyejua kuwajibu kwa Kilingala.

Mchana huohuo malori yaliingia mtaani kwetu.

Waliwatoa wanaume majumbani. Amisi alitoka na utepe wa kupimia shingoni. Luteni akamuuliza kwa Kilingala. Amisi akamjibu kwa Kiswahili.

Wakampandisha lorini.

Mume wangu ndiye aliyeamriwa kulisindikiza lori lile. Alikuwa Mkasai, si mtu wa Katanga, Kilingala akikijua vizuri, hakuna aliyemshuku. Akasimama wima, akamjibu mkubwa wake kwa Kiswahili, mtaa mzima ukisikia.

“Mon lieutenant, uyu iko fundi wetu. Kama kusema Kiswahili iko kosa, munipakize na miye.”

Akapanda. Akaketi kando ya Amisi.

Dereva alikuwa mtu wa kikosi cha mume wangu. Hakuwasha injini.

Nilijua nimeshakuwa mjane.

Luteni alipanda, akaing'oa ile mistari mkononi mwa mume wangu, uzi ukalia. Kisha akapiga kelele wote washuke.

Malori mengine yaliondoka. Waliokuwamo hawakurudi, na mume wangu hakuwahi kujisifu mbele ya mama zao. Hakupandishwa cheo tena. Vijana aliowafundisha kushika bunduki wakawa wakubwa wake, naye akawapigia saluti hadi alipostaafu, bado askari wa kawaida. Liliniuma. Lakini nilipotembea naye sokoni, niliinua kichwa kama mke wa jenerali.

Siku ya kumzika, Amisi alikuja kwenye kilio, mzee sasa, na mistari mipya ndani ya karatasi.

“Mama, nimushonee. Asiende vile.”

Nilimwonyesha mkono wa shati la sare ileile, tulilotaka kumzika nalo. Pale ilipong'olewa mistari, kitambaa kilikuwa bado kijani kibichi. Kwingine kote jua lilikuwa limekipausha.

“Hapana, Papa Amisi. Kila siku pasi alikuwa anaanzia apa.”

Amisi aliikunja karatasi yake, akairudisha mfukoni. Kisha akaona kifungo kimelegea, akatoa sindano, akakikaza.

Nami nikachukua pasi, mara yangu ya kwanza. Nikaanzia pale.