Duara Lililoruka Korongo

Asubuhi niliyoondoka Mikese, waliokuwepo mlangoni ni wadogo zangu Salma, Juma na Rehema, pamoja na Mzee Kibwana, mwenyekiti wa kitongoji chetu. Tulikuwa tumeahidiwa bomba moja la maji, na kitongoji kilitakiwa kutoa mtu akajifunze mjini namna ya kuchagua mahali pa kuliweka. Mzee alinichagua mimi, niliyeacha shule darasa la sita wazazi wetu walipofariki. Salma akashika genge langu la nyanya. Rehema, kitinda mimba, aliyekuwa akichelewa shule kwa ajili ya ndoo, aliniambia, “Dada, liweke hapa hapa mlangoni.”

Mchana nilikuwa Mafiga, mjini. Mwalimu Neema alituonyesha mimi na wanafunzi wenzangu kwenye kompyuta jinsi ramani inavyopangwa tabaka juu ya tabaka: nyumba, njia, miinuko. Tangu utotoni sikuwa nimekaa darasani. Nikaweka bomba katikati ya kitongoji chetu, nikachora duara la umbali wa kulifikia kwa miguu. Nyumba zote zikaingia.

“Umemaliza?” akauliza mwalimu.

“Nimemaliza.”

“Basi kesho vaa viatu vya kutembelea.”

Kesho yake tulipanda milima ya Uluguru hadi kwa mwenyeji wetu, Bi Zamda. Tulipomwamkia aliitikia, “Marahaba, wanangu,” akatuonyesha kijito anakoteka maji, chini ya migomba. Kilikuwa karibu hata tulikisikia. Nikaomba ndoo nimtekee. Kushuka nilishuka nikicheka. Kupanda, miguu iliteleza, pumzi ikakata, maji yakanimwagikia mgongoni.

“Wewe mpima ramani!” Bi Zamda aliita kutoka juu. “Kilima hakikuomba maji, nimeomba mimi!”

Wenzangu walicheka, nami nikacheka. Kisha nikakumbuka korongo linalokigawa kitongoji chetu. Duara langu lilikuwa limeliruka tu, na bomba nimeliweka ng’ambo ya nyumbani kwetu. Rehema angelishuka na kulipanda kila alfajiri.

Wakati wa kuagana, Bi Zamda alinipa ndizi. “Ukishajua vizuri, rudi unichoree na mimi.”

“Nitarudi, bibi.”

Jioni, Mafiga tena, mwalimu alikaa nami mpaka wenzangu wote wakaondoka. Tuliongeza njia na miinuko, kompyuta ikapima kazi ya kutembea badala ya mstari ulionyooka. Duara likavunjika, likarefuka kwenye tambarare na kukatikia korongoni. Bomba likahamia upande wetu, wenye nyumba nyingi zisizo na maji.

Niliporudi Mikese nilimwonyesha Mzee Kibwana, anayekaa ng’ambo.

“Kwa hiyo bomba limenikimbia?”

“Wewe una kisima uani, mzee.”

“Ala! Mji umekufundisha kujibu.” Lakini alikubali, na kwenye mkutano alinitetea, bomba likajengwa upande wetu.

Ninawashukuru wote: wadogo zangu walionishikia nyumba, mwalimu aliyenivumilia, mzee aliyeniamini. Nimejifunza kwamba umbali hupimwa kwa miguu ya anayebeba ndoo.

Sasa Rehema anaiwahi kengele ya shule. Bi Zamda bado anapanda na ndoo yake, na mimi sijarudi.