Uso wa Septimus Jobling

Basi lilikuwa bado linapanda kilima cha Thornlaw pale kondakta alipomwinamia Septimus Jobling na kumuuliza, kwa sauti ya kufika viti vya nyuma, "Sasa tukuiteje? Lodi, au bado Sep?"

"Nipe tikiti."

"Kumbe Malodi nao wanalipa nauli!"

Basi zima likacheka. Septimus naye akacheka, ingawa alichelewa kidogo.

Alikuwa amepewa na ufalme cheo cha heshima cha Lodi majuzi tu. Kabla ya hapo alikuwa mbunge, kabla ya ubunge katibu wa tawi la chama cha wachimba makaa, na kabla ya hayo yote kijana wa kuswaga farasi wadogo gizani chini ya ardhi. Hakupandishwa na sauti wala sura. Alipandishwa na utaratibu, maana Septimus aliupenda utaratibu wa mikutano kama wenzake walivyopenda bia. Mwaka wa mgomo mkubwa aliwazuia mameneja asubuhi nzima akihoji ni nani aliyemteua mwenyekiti wao, mpaka wakakubali madai mawili ili wakale. Hata siku ya harusi yake, padri alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, bwana harusi aligeuka, akawakagua watu safu kwa safu, akasema, "Hakuna. Endelea."

Lakini alichojivunia kuliko ubunge ni bendera ya tawi, hariri pana kama ukuta wa nyumba, iliyobebwa kila Julai hadi mji wa Durham kwenye sikukuu ya wachimba migodi, bendi ikiipigia tarumbeta. Katikati ya hariri hiyo ulichorwa uso wake, masharubu na yote. Serikali zilikuja na kuondoka, uso ukabaki.

Dada yake, Edie, alimwekea pai ya nyama mezani bila kumtazama.

"Shemeji yuko wapi?" Septimus aliuliza.

"Ukumbini, kwenye mkutano wa tawi. Kula kwanza, kaka, ndipo nikwambie."

"Niambie."

"Wanataka kukufuta kwenye bendera. Na mwenye hoja ni mume wangu, kwa hiyo usinikasirikie mimi. Nimeshamnyima pudini."

Pai ilibaki mezani. Septimus alipoingia ukumbini, Wilf Heslop, shemeji yake, alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Ndugu Mwenyekiti, sheria ya tawi inasema mwenye cheo cha kuinamiwa hakai kwenye bendera yetu. Sina chuki na shemeji. Namlisha kila Krismasi, na hajawahi kuosha hata sahani moja."

"Sheria hiyo aliileta nani?" Septimus alifoka.

"Wewe, Sep," Wilf alisema polepole. "Kwa ajili ya mzee Isaac."

Ikamrudia yote. Isaac Thirlwell ndiye aliyemfundisha kuendesha mkutano. Isaac alipokubali kupewa naye cheo na kuitwa Sir, Septimus, damu ikichemka, ndiye aliyesimama kudai afutwe kwenye bendera. Mzee alichukua kofia yake akatoka, wala hakukanyaga tena ukumbi ule mpaka alipokufa.

Mwenyekiti, Matty Coulthard, mtu mpole aliyeogopa kelele, alitaka yaishe haraka. "Wanaoafiki wanyooshe—"

"Utaratibu, Mwenyekiti!" Septimus alikuwa wima kabla hajajijua. "Hoja haijaungwa mkono. Huwezi kupigisha kura."

"Kweli. Nani anaunga mkono?"

Watu walitazama buti zao.

"Ningeunga," mmoja alinong'ona, "lakini alimpigania mama mpaka akapata nyumba."

Wilf akakaa chini. "Basi hoja imekufa, shemeji. Umepona."

Septimus alilijua hilo kuliko wote: angeketi tu, uso wake ungekwenda Durham. Lakini aliwatazama akaona hawamtetei, wanamstahi, kama mgeni aliyemwaga chai. Isaac hakustahiwa hivyo.

"Mwenyekiti," alisema, "naunga mkono."

"Huwezi!" Wilf aliruka. "Ni uso wako!"

"Mimi ni mwanachama, ada nimelipa. Nionyeshe kifungu kinachonikataza."

Hakikuwapo. Mikono yote ilipanda isipokuwa wa Wilf, aliyekuwa ameinamia leso yake.

Kesho yake mchoraji alianza kusugua hariri kwa dawa ya kutolea rangi. Masharubu ya Septimus yaliyeyuka, na chini yake zikachomoza ndevu nyeupe, kisha macho makali ya mzee Isaac.

"Nimfute na huyu?" mchoraji aliuliza.

"Sheria ni ile ile," Wilf alisema.

"Ilishatekelezwa kwake," Septimus alisema. "Kumfuta mtu mara ya pili kunataka hoja mpya, na mkutano ujao ni Agosti."

Kwa hiyo Isaac Thirlwell akapangiwa kwenda Durham, ila masikio yake hayakutokeza, ikabidi aazime ya Septimus.

Septimus hakuingoja sikukuu. Alisema ana kazi London, na hakuna aliyemuuliza kazi gani. Edie alimfungia ile pai kwenye kitambaa. Basi lilipoanza kushuka kilima, Wilf alikimbia kando yake.

"Shemeji! Krismasi hii utaosha sahani!"

Kichwa cha Septimus kilitokeza dirishani. "Nani anaunga mkono?"

"Mimi!" Edie akapaza sauti barabarani, mkono juu, na hakuushusha mpaka basi lilipokata kona.