Nilichana Kitabu cha Binti Yangu Nikafungia Dhahabu

Wacha niliseme kosa kwanza kabla sijaanza kujisifu, maana najijua. Nilichana kitabu cha binti yangu, nikafungia dhahabu, halafu nikanyamaza huku namwona anajilaumu yeye. Basi, nimesema!

Jina langu halitawasaidia kitu. Mjue tu kwamba ukifika machimbo ya huku Geita ukaulizia mtu aliyeanza kwa kubeba mawe kichwani na leo ana makarasha yake mwenyewe ya kuyasaga, utaonyeshwa nyumba yenye bati la bluu. Niliishia darasa la nne. Gari ninalo, ng'ombe wapo kwa wazee Shinyanga. Kwenye kutafuta, mtu asinifundishe!

Binti yangu, nimwite Kabula, ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu. Alipoanza shahada ya pili akaniambia anasomea fasihi ya Wahindi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

"Mhindi ana lugha yake," nikamwambia. "Kiingereza anakiandikia nini?"

"Na wewe Baba ni Msukuma. Mbona ukiwagombeza watu wa karasha unagombeza kwa Kiswahili?"

"Ili wasikie wote!"

"Basi na wao hivyo hivyo. India kuna lugha nyingi. Wengine wanaandika Kiingereza ili wasikike mbali, ila wanakigeuza mpaka kinaongea kama mama zao."

Mama yake akaangua kicheko huko jikoni. Nikahamia habari za mvua. Lakini mtaani nilijigamba! Kwa kinyozi, msibani, popote: "Binti yangu anasoma mambo ya India." Wengine walidhani ni udaktari. Sikuwasahihisha.

Nikatangaza na sherehe. Siku Kabula akivaa joho nachinja dume, nafunga turubai kutoka mlangoni kwangu mpaka barabarani! Watu wa Kahama, wa Shinyanga, hata wauza dagaa wa Nkome niliwaalika kwa mdomo wangu huu.

Kabula akaja nyumbani kumalizia kuandika utafiti wake. Alikuja na kitabu kikuukuu, karatasi zake rangi ya chai ya maziwa. Kilikuwa cha mwalimu anayemsimamia, alikinunua mwenyewe huko India, na hakichapishwi tena. "Baba, hiki kisiguswe," akaniambia. Nikaitikia kama mtu anavyoitikia salamu ya mpita njia.

Sasa, huku kwetu dhahabu ndogo haibebwi kwenye kasha kama kwenye sinema. Ukishaichoma zebaki ikatoka, unaikunja ndani ya kikaratasi, kama zahanati za zamani zilivyokunja dawa ya unga, unatia mfukoni. Karatasi ya daftari ni ngumu, inakatika kwenye mkunjo, chenga zinamwagika. Siku ile mabroka, madalali wanaonunua dhahabu yangu, wamejaa sebuleni, karatasi zimeisha, Kabula na mama yake wako sokoni. Macho yangu yakatua kwenye kile kitabu. Nikapapasa ukurasa. Laini! Unakunjika kama kitambaa!

Nikachana. Na nilijiona nina akili, maana nilianzia nyuma. Nilijiambia msomaji anaanza mbele, huko mwisho wengi hawafiki. Mimi mwenyewe shule sikufika mwisho na sijafa! Kila broka aliyeondoka pale aliondoka na kipande cha India mfukoni.

Kesho yake Kabula akafungua kitabu. Jamani! Alikigeuza, akakikung'uta, akatafuta mpaka chini ya makochi. Halafu akakaa chini sakafuni.

"Zitakuwa zimechomoka kwenye basi," akasema. "Niliona gundi imelegea nikapuuza."

Kumbe sura nzima ya utafiti wake ilihusu jinsi kitabu kinavyoisha! Akampigia mwalimu wake pale pale mbele yangu. "Nimezipoteza mimi, Daktari. Ni uzembe wangu." Alikuwa analia. Na mimi baba mtu, mwenye sauti inayosikika mpaka upande wa pili wa machimbo, nikakoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

"Pole mama," nikamwambia. "Vitabu hivi gundi yake mbovu."

Hayo ndiyo yaliyotoka kinywani mwangu!

Haikuchukua muda. Masanja, broka wangu wa miaka mingi, akaja asubuhi tukiwa mezani. "Mwangaluka, Bosi! Ile ya juzi mnunuzi wa Nyahanga kaikataa, anasema imechanganyika. Tuipime upya." Akafungua kikaratasi kati ya vikombe.

Kabula akakitazama. Pembeni kulikuwa na maandishi ya penseli ya mwalimu wake. Akamwaga dhahabu kwenye kisosi kama anamwaga chumvi, akaanza kunyoosha ile karatasi kwa kiganja.

"Kaka Masanja, hii umeitoa wapi?"

"Si kwa Bosi! Siku hizi anatufungia karatasi za Kizungu. Mabroka wa machimbo mengine wanatuonea wivu!"

Mama Kabula akaweka birika chini. Mimi nikatafuta pa kutazama nikakosa.

"Baba," Kabula akasema, taratibu kabisa. "Wakati napiga simu ulikuwa umekaa hapa hapa."

Kitabu hakukitaja. Mchana akapanda gari kwenda Shinyanga kwa shangazi yake.

Nikamchukua Masanja tukazunguka kwa mabroka. Mmoja yake alishaiwashia jiko. Mwingine alitupa. Wa tatu alicheka mpaka akashika ukuta: "Bosi, leo unatafuta karatasi na dhahabu unaiacha?" Tulichorudi nacho ni vipande vichache vilivyotoboka kwenye mikunjo.

Nikampigia yule mwalimu. "Shikamoo Daktari. Aliyechana ni mimi." Akauliza: "Unajua kitabu kinahusu nini?" Nikasema kinahusu Wahindi. Akaniambia nimuulize mwanangu.

Mwalimu akamwandikia rafiki yake India, picha za zile kurasa zikaja kwenye simu ya Kabula. Lakini muda wa kukabidhi kazi ulishapita. Wenzake wakavaa joho, yeye akabaki. Dume langu likawa linanenepa bure, na kila anayepita anauliza: "Baba Kabula, turubai lini?" Mimi huyu nikaanza kupita njia za nyuma!

Nikaenda Shinyanga, nikamwomba msamaha mbele ya shangazi yake. Akasema amesikia. Nikamuuliza kitabu kinahusu nini.

Ni mjane, akasema, na kisima alichochimba marehemu mumewe. Shemeji yake amekitia kufuli. Akaanza kunisomea, anageuza Kiswahili, na mama mkwe akiongea anageuza Kisukuma, maana yule bibi wa India ana maneno ya marehemu mama yangu kabisa! Nikawa natafuta sababu za kwenda Shinyanga. Yule shemeji, mwanaume wa majigambo, mkubwa wa sauti, nilimchukia sana. Nikafika mahali nikaona aibu, maana nilianza kumfahamu.

Tukafika pale kitabuni kijiji kimekaa kuamua kisima ni cha nani. Kabula akafunga kitabu.

"Na kisima?" nikauliza. "Amekipata?"

"Kimeishia hapo, Baba. Ndipo ulipochana."

"Si picha unazo kwenye simu!"

"Ninazo." Akatia simu mkobani, akaenda kuniletea maji ya kunawa.

Mwaka uliofuata alivaa joho. Dume likachinjwa, turubai likafika barabarani, akanikumbatia mbele za watu. Lakini mwisho wa kitabu hajanisomea mpaka leo, na mimi simlazimishi.

Wazazi wenzangu, hasa sisi wa machimbo tuliopata mali bila kusoma, nawasihi! Kitu cha mtoto usichokielewa usikipangie kazi. Na ukishakiharibu, fungua mdomo siku hiyo hiyo, kabla mtoto hajashika simu kujibebesha kosa lako. Karatasi zilipatikana mpaka India. Ile asubuhi niliyokaa kimya nakoroga chai, hiyo haijapatikana.

Masanja ananiambia siku hizi mtandaoni hakikosekani kitu, atanitafutia mtu anitafsirie huo mwisho. Nimemkatalia. Nataka anisomee Kabula mwenyewe.