Fundi asiyesikia harufu ya petroli

Saa mbili asubuhi, dereva wa teksi anapiga stata tena. Injini inakohoa, inanyamaza.

"Acha, bwana," fundi wake, Mzee Spana, anamwambia. "Unazidi kuinywesha."

Anafungua boneti, anatoa plagi moja. Imelowa chepechepe. Ikiwa ni petroli, injini imemeza mafuta kupita kiasi. Dawa yake ni kukausha. Ikiwa ni maji, huenda gasketi imekufa, na hapo injini itafunguliwa. Fundi mwingine angenusa tu akajua.

Mzee Spana anasema anakwenda kuomba kitambaa, anazunguka ukuta na plagi mkononi hadi chumba cha pili, anakoshonea nguo mkewe.

Petroli na moshi wa miaka thelathini vimemuua pua. "Siku moja mboga iliungua jikoni nikiwa nimekaa kando ya sufuria, nimetulia kama mgeni," anasema. Wateja hajawaambia. "Fundi asiyenusa ni mpishi asiyeonja. Wakijua, watanikimbia."

Leo dereva ana haraka, anamfuata nyuma. Anamkuta mama mwenye futi ya kupimia shingoni, ameisogeza plagi puani.

"Petroli," mama anasema. "Tena ya kuogea."

"Kumbe siku zote fundi ni shemeji?" dereva anauliza.

Mzee Spana anaichukua plagi. Anarudi garini, anatoa plagi zilizobaki, anazifuta zote, anazianika juani. Zikikauka anazirudisha.

"Kanyaga mafuta mpaka chini, usiachie. Piga."

Injini inapiga chafya, inatoa moshi mweusi, inanguruma. Dereva anaziba pua. Mzee Spana amesimama katikati ya moshi uleule, anafuta mikono.

"Nikienda kijiweni nitawaambia wenzangu," dereva anasema.

"Utawaambia nini?"

"Kwamba huku gari linapimwa na wawili. Kwingine napimiwa na mmoja, naye anabahatisha."

Anaondoka. Mzee Spana anautazama ukuta unaotenganisha gereji na cherehani. Siri imeshatoka, haina haja tena ya kuzungushwa nje. Mwezi ujao, anasema, atamwita mwashi autoboe, aweke mlango.

Mkewe amemsikia kutoka upande wa pili.

"Mlango sawa," anasema. "Lakini mtu aoge kwanza ndipo apite. Mimi bado nasikia harufu."