Kodi Ilivyokula Miguu ya Kochi

Bwana Pasi alinyoosha sare kwenye kiwanda cha nguo mpaka akastaafu, na jina hilo likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mtu mwema, sikatai, ila ahadi zake zilikuwa nyingi kuliko mashati aliyopiga pasi. Dada mkubwa wa mkewe alikuwa akimwambia usoni, tena kwa heshima zote: "Shemeji, wewe ni mwongo."

Siku moja akapigiwa simu kutoka kiwandani. Wafanyakazi hawakuugua sana miaka yake ya mwisho kazini, kwa hiyo kampuni ya bima ya afya imerudisha sehemu ya michango, na waliostaafu nao wana fungu lao. Kutajiwa kiasi tu, Bwana Pasi hakungoja hela ifike. Alikwenda moja kwa moja kwa seremala akaagiza kochi, kisha akamwambia mkewe amwalike dada yake Jumapili.

"Mwambie aje akae," alisema, kifua mbele.

Hela ilipoingia, ilikuwa imepungua. Akapanda ngazi za ofisi mbiombio hadi kwa mhasibu.

"Binti yangu, nani kala hela yangu?"

"Ni kodi, mzee."

"Kodi ya nini? Si hela yangu mwenyewe imenirudia?"

"Mchango wako wa bima ulikatwa kwenye mshahara kabla ya kodi, kwa hiyo hela hiyo haikutozwa kodi wakati ule. Sasa imerudi mkononi mwako, inahesabiwa kama mshahara."

"Mshahara! Na mimi nimestaafu?"

"Hata kama umestaafu, mzee."

"Mbona mlinzi wa getini kapata yake yote?"

"Yule alikataa kusaini fomu ya kukatwa mchango kabla ya kodi. Alichangia kwa hela iliyokwisha kutozwa kodi. Haitozwi mara mbili."

Bwana Pasi akanywea. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akimcheka mlinzi yule, mwoga wa kusaini chochote, kwa kukatwa kodi kubwa kuliko wenzake. Sasa nani wa kuchekwa?

Seremala naye hakuwa na huruma, wala hakujifanya anayo. Jumamosi alileta kochi bila miguu; miguu aliibakiza karakanani mpaka amaliziwe hela yake. Kochi zuri, la kijani, limelala sakafuni kama mtu aliyezimia. Mke akalitazama, kisha akamtazama mumewe. Bwana Pasi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Jumapili shemeji akaingia. Kabla Bwana Pasi hajafungua mdomo, mkewe akadakia, "Dada, nimeliagiza fupi mwenyewe. Magoti yangu hayapendi kiti kirefu."

Uongo mtupu, maana hakuna goti linalopenda kiti kifupi. Bwana Pasi alimpenda mkewe saa ile kuliko siku ya harusi.

Shemeji, mama mwenye mwili wake, akajibwaga. Chai ilipokwisha alitaka kuinuka, akashindwa. Mume akavuta huku, mke akavuta huku, wapi!

"Shemeji," akasema akihema, "niambie kweli. Miguu iko wapi?"

Bwana Pasi alimtazama mkewe, akashusha pumzi. "Imekwenda na kodi, shemeji. Niliitumia hela kabla haijafika."

Shemeji akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Miaka yote hii, leo ndiyo mara ya kwanza kuniambia ukweli," alisema, akiegemea vizuri. "Basi acheni kunivuta. Nalala hapahapa."