Nilimpigia Kulia Tu
Mwezi uliopita nilipanda treni ya laini nyekundu hadi mwisho wake, Norsborg, pembezoni mwa Stockholm. Sikuwa na shughuli yoyote huko. Tangu tumzike baba, miguu yangu imeanza tabia ya kunipeleka isikotumwa. Nikapita kwenye maghorofa yetu, siku hizi yamepakwa rangi mpya, nikafika kwenye gereji za magari. Ukuta bado upo. Nikasimama pale na mkoba wangu wa kazini na, haki ya Mungu, nikasikia mpira ukigonga ukutani. Hapakuwa na mpira wala mtu. Nilikaa pale mpaka baridi ikaniingia.

Basi ngoja nikusimulie wewe, maana hili sijamwambia mtu, hata mama.

Miaka ile ya themanini mtaa wetu ulikuwa na timu nne za wageni: Wachile, Waturuki, Wafini, na sisi tulioitwa Waswahili. Tulibandikwa jina hilo ingawa nyumbani kwetu ni Uganda, kocha alikuwa Mkenya, na beki wetu wa kati, jirani wa mlango wa pili, alikuwa Mkongomani. Kila mwaka theluji ikiisha na uwanja wa changarawe ukionekana tena, manahodha walikutana kugawana wahamiaji wapya. Ndiyo, kugawana! Utaratibu huo ulianzishwa na msimamizi wa majengo, Mswidi mmoja mpole aliyechoka kuamua ugomvi. Wapya walikaa kwenye benchi wakinywa kahawa, na siku hiyo hakuna aliyeulizwa katoka nchi gani. Timu iliyoshika mkia ndiyo iliyochagua kwanza. Na mkia, jamani, ulikuwa wetu.

Golini alikaa baba. Kule nyumbani alikuwa fundi wa reli na golikipa wa kusifika. Huku Stockholm alisugua masufuria katika jiko la hospitali, na sidhani kama kuna aliyemwita kwa jina lolote kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Lakini Jumapili watu wote walimwita Kipa. Hata mama alimwita hivyo, akimwekea ugali wake wa semolina, maana unga wa mahindi ulikuwa haupatikani.

Kila alasiri akirudi kazini, mikono ikinuka sabuni, tulikwenda pale gereji nikampigia mashuti. Nilikuwa na miaka kumi na mguu wangu haukuwa wa mchezo, usinione hivi. Sasa, wakati wa Krismasi nikagundua kitu. Nikipiga kushoto kwake, hakuwa akisogea. Mpira ulimpita, ukagonga ukuta, ndipo akageuka haraka kama mtu aliyeitwa. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili sikucheka. Siku ya tatu nikaanza kumpigia kulia tu.

Hakuna aliyenifundisha. Niliona ni mapenzi. Alidaka yote, akapanda ngazi akiimba, na mama akasema, "Kipa leo kafurahi." Nikalala nimeridhika. Miezi minne nilifanya hivyo.

Mwezi wa nne, Jumamosi moja mchana, timu ikakutana sebuleni kwetu kuamua tuchague nani kwanza. Mama alitoa chapati na chai ya iliki. Habari za wapya zilikuwa zimeshatufikia: kulikuwa na Mpolandi mwenye mikono kama masinia, golikipa, na Mwirani mwenye mbio za ajabu, straika. Yule ambaye tungemwacha, Waturuki wangemchukua palepale.

"Golikipa," kocha akasema. "Wachile walitufunga tisa. Tisa! Huyo straika atafunga kumi?"

"Na sisi tulifunga mangapi? Zéro!" jirani yetu Mkongomani akaruka. "Weka hata makipa watatu, mon frère, ndugu yangu, bila mfungaji utapata sare. Sare itakutoa mkiani?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Nusu wakawa huku, nusu kule. Baba alikuwa upande wa straika, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. "Kipa mnaye," akasema. "Mnataka wa nini mwingine?"

Kocha akainama. "Kaka, hatukudharau. Ila umri nao..."

"Umri gani? Mama, njoo hapa!"

Mama huyo ni mimi, ndivyo alivyoniita. Nikatoka jikoni na unga mikononi. Akanishika bega, amejaa fahari, shahidi wake amefika. "Mwambie kocha. Kila siku unanipigia mashuti. Yanaingia mangapi?"

Nilijua alichotaka. Lakini nilijua pia kwamba Jumatatu shuleni watoto wa Wachile wangeninyooshea tena vidole tisa, na vidole vile nilikuwa nimevichoka. Nilitaka tushinde. Nakiri, kilichonisukuma ni aibu yangu mimi, wala si kupenda ukweli.

"Hayaingii," nikasema, na baba akafungua mikono kuwaonyesha. Laiti ningeishia hapo! "Hayaingii kwa sababu nakupigia kulia tu. Kushoto huoni."

Nilisema kwa Kiswidi, kama tulivyozoea kuwajibu wazazi wetu, lakini kila mtu mle ndani alielewa. Jirani akaangalia kikombe chake. Baba akaniuliza taratibu, "Tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

Kocha akaanza kusema basi, yaishe, tutamchukua straika. Baba akamkatiza. "Hapana. Golikipa kwanza." Akaingia chumbani, akatoka na glavu zake, akamwekea kocha magotini. Msimu ule hatukushika mkia. Yule Mpolandi alikuwa mtu mzuri, na kufika mwezi wa sita watu wote walikuwa wakimwita Kipa.

Wiki mbili baada ya kikao kile tulikwenda kwa daktari wa macho, baba na mimi. Sisi watoto wa Norsborg ndio tuliokuwa midomo ya wazazi wetu kwenye ofisi na hospitali, ambako Kiswidi chao cha nyumbani hakikutosha. Daktari akaniuliza tatizo lilianza lini, nikasema Krismasi; akammulika, akapima, akaandika. Kisha akanigeukia mimi, akasema polepole nisije nikakosea: jicho la kushoto limekwisha. Angekuja wakati ule wa Krismasi, wangeweza kuliokoa. Sasa watapigania la kulia.

Baba alikuwa akinitazama kwa jicho lake zima. "Amesema nini, mama?"

Nikamjibu, "Amesema hata ungekuja mapema, isingesaidia."

Akashusha pumzi, akanipapasa kichwa. "Basi hakuna mwenye kosa," akasema.

Kocha alirudi Kenya zamani. Jirani alihamia Farsta, na huko nako sijui kama bado yu hai. Uwanja wa changarawe wamejenga nyumba juu yake, na watoto wanaoishi humo hawajui kwamba hapo watu waliwahi kugawana wageni. Baba alizeeka vizuri, na alipenda kuwasimulia wageni habari za jicho lake, kwamba lilikuwa halina dawa tangu mwanzo. Akifika hapo kila mara alinigeukia mimi, binti yake aliyekuwepo, nimthibitishie. Miaka zaidi ya thelathini, na kila mara nilithibitisha.