Chafya Kabla ya Gitaa

Mwaka wa 2007 mtu nisiyemjua alianza kuniandikia kupitia kile kisanduku cha kutafutia habari kwenye mtandao, na kila alichoandika kilinifikia. Hakuwa na anwani yangu, wala mimi yake. Alikuwa akiketi katika saiba moja ya Gilgil, duka la kukodisha kompyuta na intaneti, anapiga maneno yake mahali ambapo wengine hupiga "matokeo ya mpira" au "bei ya ng'ombe wa maziwa", na ujumbe unatua Nakuru mbele yangu kama kadi iliyotiwa posta. Alikuwa anatafuta wimbo. Jina la wimbo hakulijua, mwimbaji hakumjua, na maneno aliyasahau. Alichokumbuka ni kwamba kabla ya gitaa kuingia, mtu anapiga chafya.

Siku hizo nilikuwa karani katika ofisi ya wakili. Saa ya chakula cha mchana nilivuka barabara hadi saiba iliyokuwa juu ya duka la viatu, nikala andazi langu huku naandika blogu. Niliandika kuhusu nyimbo za zamani, tamthilia ya saa moja jioni, mavazi ya watangazaji wa televisheni, na vipindi vya salamu vya redio ambavyo nilivipenda tangu utotoni. Kwa sababu ya mapenzi hayo, kila makala niliifungua kama kadi ya salamu: "Habari ya mchana popote ulipo, mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe msomaji." Nilidhani huo ni utani mzuri. Wasomaji walikuwa wachache na hawakulalamika.

Kisha nikaweka kihesabu cha wageni. Hiki hakikuonyesha idadi tu, kilionyesha pia maneno ambayo kila mgeni aliyaandika kwenye kisanduku kabla ya kuangukia kwangu. Mengi yalikuwa ya Kiingereza au mchanganyiko, na hapa nayaweka kwa Kiswahili. Mmoja aliuliza kwa nini kuku wake anazubaa. Alifika kwangu kwa sababu niliwahi kusema kwamba mwimbaji fulani alisimama jukwaani kama kuku aliyezubaa. Mwingine alitaka kujua flamingo wanaoga saa ngapi, akaletwa kwenye makala yangu kuhusu kikundi cha densi kilichovaa waridi kuanzia kichwani hadi kwenye soksi. Mwingine aliuliza kama suti nyeupe inaruhusiwa mazishini. Na kuna aliyeandika "shangazi mrefu Naivasha", ambaye mpaka leo sijui alitaka nini, wala kwa nini mtandao uliona mimi ndiye wa kumsaidia.

Mama mwenye saiba ile alikuwa mpiga chapa mstaafu, mwenye kicheko kilichosikika hadi dukani chini. Ikawa desturi nimsomee wageni wa siku.

"Leo nani ametutembelea?" aliniuliza mchana mmoja.

"Kuna mtu anataka kumwacha mpenzi wake bila yeye kujua."

"Sasa atajuaje ameachwa?"

Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta ya dirishani akajibu bila kugeuka, "Mathe, hiyo inawezekana. Mimi niliachwa Machi, nikajua Juni."

Katikati ya wageni wa namna hiyo ndipo alipotokea yule wa Gilgil. Mstari wake ulisema: "habari ya mchana mimi ni mzima naomba kuuliza wimbo wa zamani mtu anapiga chafya kabla ya gitaa". Niliusoma mara mbili. Watu hawasalimii kompyuta. Huyu alilelewa kwamba huwezi kumwuliza mtu jambo kabla ya kumjulia hali, naye hakuona sababu ya kuacha adabu kwa kuwa anayeulizwa ni mashine. Na kwa kuwa mimi nami nilikuwa nafungua makala zangu kwa salamu zile zile, mashine ilitukutanisha.

Nikaandika makala kuhusu sauti zilizoingia kwenye santuri za zamani bila kualikwa: jogoo anayewika nyuma ya ngoma, kiti kinachoburutwa, mtu anayekohoa. Wiki iliyofuata kihesabu kikaonyesha: "habari ya mchana nimesoma juu ya jogoo asante sana si huyo huyu ni chafya".

"Huyu anaongea na wewe!" mama wa saiba akapiga kelele. "Mwambie aandike pale chini, kwa maoni, kama watu."

Nikaweka maagizo mwanzoni mwa blogu: shuka hadi mwisho wa makala, bonyeza neno maoni, andika. Jibu likaja kwa njia ile ile: "habari ya mchana nimesoma maagizo yako sijapaona hapo nitaendelea hapa tu".

Akaendelea hapo tu. Kila Jumamosi alileta kipande, nami nikamjibu mwishoni mwa makala kama mtangazaji anayesoma kadi. Vipande vilipoungana, habari ilikuwa hii. Alifanya kazi Kariandusi, kwenye machimbo ya ule udongo mweupe mwepesi kama unga, unaoingia mpaka kwenye nyusi. Akiwa kijana alimpeleka msichana hoteli moja ya Gilgil kunywa chai. Nyuma ya kaunta palikuwa na santuri inacheza. Wimbo mmoja ulipoanza, ikasikika chafya kubwa wakati ule ule msichana anainua kikombe. Chai ikammwagikia kwenye rinda. Yeye alisema chafya ilitoka kwenye santuri. Msichana alimtazama, mtu mweupe kwa vumbi kutoka kichwani hadi viatuni, akaamua hakuna haja ya kutafuta mshukiwa mwingine.

Walioana hata hivyo. Lakini katika miaka yote ya ndoa yao, hakuna mgeni aliyekunywa chai kwao bila kuambiwa, "Huyu bwana alinitongoza kwa chafya." Sasa walikuwa wanajiandaa kubarikiwa ndoa kanisani mwanzoni mwa Januari, na dada za mke walikuwa wameomba muda wa kuzungumza. Alijua watakachozungumza. Alitaka wakimaliza tu, wimbo upigwe mbele ya pasta na wakwe, na chafya isikike na kila mtu. Aliandika: "nisaidie dada nisizeeke na chafya ya mtu mwingine".

Karibu na soko palikuwa na mzee mmoja Mhindi ambaye familia yake iliuza santuri tangu kabla hajazaliwa. Wakati huo aliuza zaidi redio ndogo na vifuniko vya simu, lakini maboksi ya zamani yalikuwa bado nyuma ya duka. Nilimwendea.

"Wimbo unaitwaje?" akauliza.

"Sijui."

"Nani ameimba?"

"Sijui, mzee."

"Sasa dada, umeniletea chafya peke yake. Si ungeleta hata na pua?"

Hata hivyo alifungua boksi la kwanza siku hiyo hiyo. Kuanzia hapo saa yangu ya mchana niliigawa: andazi na blogu kwanza, kisha dukani kwa mzee. Alikuwa na mashine ya santuri juu ya kabati la kioo. Aliweka sindano, tukasikiliza mwanzo tu, akaiinua, akaweka nyingine. Kila mkwaruzo ulinishtua.

"Hiyo?" nauliza.

"Hiyo ni vumbi."

"Na hiyo?"

"Hiyo ni vumbi pia. Tofauti yake ni kwamba hilo la kwanza ni la Nakuru, hili limetoka Molo."

Wateja waliosubiri betri walianza kushiriki. Wengine walikuja na nyimbo zao, wakidai hata humo mtu anapiga chafya, na tukagundua kwamba ukisikiliza kwa nia mbaya kila mtu anapiga chafya. Nilikaribia kukata tamaa. Siku moja mzee, akizungumza na mwanawe kwenye simu kuhusu mzigo uliochelewa, aliiweka santuri upande usio sahihi bila kuangalia. Ikasikika kimya kidogo, kisha chafya nzito ya mwanamume aliyejaribu kuizuia akashindwa, na papo hapo gitaa mbili zikaingia zikikimbizana.

Mama mmoja aliyesimama kwenye kaunta akamgeukia mzee kwa huruma. "Pole, mzee."

"Si mimi!" mzee akasema, mkono juu ya simu. "Ni santuri!"

"Eee, pole tu. Ni hii baridi."

Mzee alinitazama. Hatukuhitaji ushahidi mwingine. Alirudisha sindano, yule mama akasikia chafya ya pili huku akimtazama mzee mdomoni, na akaomba radhi huku akicheka mpaka akasahau chenji yake.

Mzee akaturekodia kanda. Nikatangaza kwenye blogu kwamba iko tayari kwenye duka la redio karibu na soko, anayekuja aulize tu kanda ya chafya. Jumamosi likaja jibu: "habari ya mchana mungu akubariki nitamtuma shemeji akishafunga kazi". Ilikuwa Desemba. Siku chache baadaye nilipopita dukani, mzee aliniambia kanda imeshachukuliwa. Sikumwuliza mengi. Nilijua wa Gilgil amefurahi, na hata mimi nilitembea kurudi ofisini nikipiga mluzi wa zile gitaa mbili.

Kisha ukaja uchaguzi, na baada yake ghasia ambazo kila mtu wa Nakuru anazikumbuka kwa njia yake. Saiba ilifungwa. Duka la mzee lilishusha vyuma. Ilipofunguliwa tena saiba, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutazama kihesabu, na hapakuwa na kicheko humo. Watu waliuliza kama barabara ya Molo iko wazi. Waliuliza wapi pana unga. Nilitafuta mstari wenye salamu, sikuuona, na wiki iliyofuata sikuuona. Nilifungua makala mpya na nilipofika kwenye "hofu ni kwako" vidole vilisimama. Nilikuwa nimeyaandika maneno hayo mara nyingi bila kuwa na hofu yoyote.

Polepole mji ulirudi kwenye shughuli zake. Siku moja kihesabu kilionyesha mtu anayeuliza tena kuhusu kuku anayezubaa, na mama wa saiba akapiga makofi kama mtu aliyeona ndugu stendi. Baada ya Pasaka, Jumamosi moja, mstari ule ukaja: "habari ya mchana sisi ni wazima wote tulibarikiwa juzi tuliahirisha kwa sababu unazijua".

Nilimsomea mama wa saiba kwa sauti, naye akamsomea kila aliyekuwa mle ndani. Bado tulikuwa tunafurahi ulipoingia mstari wa pili: "dada zake walisimulia chafya watu walicheka mpaka pasta naye mke wangu alicheka kuliko wote lakini kanda sikupata shemeji alifika februari akaambiwa imechukuliwa nani alichukua".

Nilishuka ngazi kwenda kwa mzee.

"Ile kanda ya Desemba," nikasema, "alichukua mwanamume au mwanamke?"

"Mama mmoja. Aliuliza, 'Hii ndiyo ya chafya?' Nikasema ndiyo. Akaniomba nimwekee asikie kwanza."

"Akasikia?"

"Chafya ilipopita akasema, 'Rudisha nyuma.' Nikarudisha. Akasema tena, 'Rudisha.' Halafu akaitia kwenye mkoba akaenda."

"Alikuwa anacheka?"

"Alijifuta macho. Kama ni kucheka au nini, sikuona vizuri, nilikuwa nahudumia mtu." Kisha akaelewa ninachofikiria, kwamba huenda huyo alikuwa mke wa yule wa Gilgil, akaweka chini kifuniko cha simu alichokuwa nacho. "Dada, usiandike hiyo. Mimi nimeoa kabla hujazaliwa. Usiandike."

Mama wa saiba alikuwa na maoni mengine. "Andika! Mwanamume wa watu ameonewa miaka yote hiyo mpaka mbele ya madhabahu!"

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Ukweli ni kwamba sikuwa na hakika. Tangazo lilikuwa wazi kwa yeyote, na kufikia Desemba chafya ile ilikuwa na wafuasi wake: kihesabu kilikuwa kimenionyesha watu wengine, sijui wa wapi, wanaotafuta "wimbo wa chafya" kwa sababu tu waliusoma kwangu. Mama yule angeweza kuwa mmoja wao. Mwishowe niliandika kile nilichokijua na hakuna zaidi: kwamba kanda ilichukuliwa Desemba na mama mmoja aliyeomba kuisikia kwanza, na kwamba mzee amerekodi nyingine, inamsubiri.

Jumamosi alijibu bila salamu, mara ya kwanza tangu tufahamiane: "mama yupi kanda ya chafya".

Nikamrudia mzee. Alikuna ndevu, akaniambia kitu kimoja tu alichokumbuka, kwamba mama yule alivaa sweta ya kijani. Ilikuwa msimu wa mvua na baridi wakati huo, na nilipogeuka kuelekea mlangoni nilihesabu sweta za kijani kwenye foleni ya betri peke yake, nikaacha. Jibu la "mama yupi" sijalipata, na yeye hajauliza tena. Kanda ya pili bado iko kwenye rafu ya mzee, nyuma ya redio.